Betri Tatu na Neno la Baba

Nianze na kosa langu, nisije nikalizungukazunguka kama nilivyofanya mbele za watu. Siku baba yetu alipomwondolea kaka yangu neno la laana, mimi nilikuwa na kazi moja tu: kulirekodi. Sikulirekodi. Ndugu zangu wakisimulia kwa wema wao husema kamera ilizimika. Ni kweli ilizimika. Lakini si kamera iliyowaambia watu wazima wazime simu zao. Niliyewaambia ni mimi, tena kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Mimi ni mpiga picha, Mugumu, nina chumba kimoja nyuma ya soko chenye pazia la bluu kwa ajili ya picha za vitambulisho. Lakini kwetu hasa ni Nyangoto, huko Tarime, kijiji kilichopakana na mgodi mkubwa, na kila kona kuna mashimo ya wachimbaji wadogo. Baba alilima na kufuga pale kabla uzio wa mgodi haujawekwa. Kaka yangu mkubwa aliwaruhusu watu wachimbe duara, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, kwenye kona ya shamba alikolazwa babu. Hakumwuliza baba. Udongo ukaanza kushuka, kaburi likapasuka ubavuni. Baba aliporudi kutoka malishoni na kuliona, hakupiga kelele wala hakushika fimbo. Aliwaita wazee wa rika lake, akasimama mbele yao, akasema huyo si mtoto wake na asikanyage uwanja wake maadamu yeye anapumua.

Kwa wengine hayo ni maneno ya hasira, yanapoa baada ya wiki. Katika ukoo wetu hayapoi. Yanakaa mpaka kinywa kilichoyasema kiyaondoe, tena mbele ya wale wale waliosikia. Kaka akaenda machimboni Geita, akakaa huko miaka tisa. Baba hakumtaja jina tena. Akilazimika, alisema "yule". Mama alipotaka kumsemea mwanawe, baba alinyanyuka akaenda kwa ng'ombe wake. Nyumba ikawa na pengo ambalo kila mtu alilikwepa kwa macho.

Sasa niseme habari ya kamera, maana bila hiyo mtu hatanielewa, ataniona mzembe tu. Mzembe ni mzembe, lakini uzembe wangu ulikuwa na historia.

Miaka mingi nilifanya kazi na kamera za zamani, zile zenye kioo ndani. Zilikuwa nzito, zinakuumiza shingo, na ukibonyeza zinapiga mlio ambao hata ng'ombe wanageuka. Lakini ukichungulia pale kwenye kitundu unaona kitu chenyewe, kupitia kioo, bure. Hazili chaji mpaka ubonyeze. Kazi yetu huku ni kungoja. Ukialikwa harusi ya saa nne asubuhi, bibi harusi anafika saa kumi jioni, na katikati hapo kuna mchungaji, kuna diwani, kuna wajomba wanaodai waheshimiwe. Nilizoea kukaa muda wote jicho likiwa kwenye kitundu na kidole kikiwa tayari, kwa sababu jambo zuri halipigi hodi. Betri moja ilinitosha harusi nzima na ya jirani yake.

Halafu zikaja hizi mpya, zisizo na kioo. Nyepesi, picha zinang'aa, zinatafuta jicho la mtu zenyewe. Vijana wa Mwanza walinicheka na mashine yangu. Nami si mtu wa kuchekwa. Nilipeleka kamera zangu mbili za zamani dukani huko Mwanza, nikabadilishana nikatoka na moja mpya. Muuzaji hakuniambia, nami kwa ujuaji wangu sikuuliza, kwamba ukichungulia kwenye kitundu cha hii huoni kitu chenyewe. Unaona televisheni ndogo. Na televisheni inawaka muda wote, upige picha au usipige, na inakula. Unangoja, inakula. Unamsikiliza mjomba, inakula. Halafu ukiifanya irekodi video kwenye joto, inatoa alama ya kipimajoto, inajizima, na hapo hata uipige busu haiwaki mpaka ipoe.

Nilikuwa na betri tatu. Moja ya kwake, iliyokuja nayo. Mbili za kununua mitaani, na hizo zilikuwa waongo wakubwa: zinakuonyesha asilimia sitini, unageuka kumsalimia mtu, ukirudi zimekufa.

Na si kwamba sikuonywa. Kwenye harusi moja kijijini Kisaka betri zote tatu ziliisha kabla ya keki. Unajua nilifanya nini? Niliendelea kuzunguka, nikipiga goti, nikifumba jicho moja, nikiwaambia maharusi wasogee, nikibonyeza kamera iliyokufa. Hizi mpya hazipigi mlio, kwa hiyo hakuna aliyejua. Baadaye niliwaambia kadi iliharibika. Yule bibi harusi, mwalimu aliyepangiwa huku kutoka Lindi ambaye mama yake hakuweza kusafiri kuja harusini, alinitazama tu, akasema haya. Niliona aibu siku mbili, ya tatu nikasahau.

Mwaka huu baba akaugua. Nilimpokea Mugumu, akalazwa hospitali, na daktari akanivuta pembeni akanieleza kwa upole kwamba moyo wake umechoka, tumpeleke nyumbani tumtunze. Baba naye hakuhitaji kuambiwa. Siku tuliyokuwa tunafunga vitu vyake kwenye shuka, alinishika mkono akasema, "Niitie wazee. Nataka nimwondolee yule."

Nilitoka nje, nikampigia kaka. Alikuwa kwenye kelele za mashine za kusaga mawe, ikabidi nirudie mara mbili. Aliponielewa nikasikia analia, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Aliuliza kama anaweza kuja. Nikamkumbusha anachokijua: aliyetamkiwa hafiki uwanjani mpaka neno liwe limeondolewa. Atakuja kesho yake. Ndipo aliponiomba kitu kimoja.

"Nipigie simu, uiweke pale karibu naye, nimsikie mwenyewe," alisema. "Wazee wakiniambia yamekwisha nitaamini. Lakini sitapona."

Hapo ndipo ningeshika adabu yangu nikasema sawa. Badala yake nikajitia ufundi. Nikamwambia mtandao wa nyumbani anaujua, unakatika katika, atasikia nusu nusu. Mimi nina kamera, mashine ya kisasa, nitamrekodi baba uso na sauti, vizuri, ataangalia yeye na wajukuu wake.  Akaniuliza kama nina uhakika. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kumwambia mtu asikufundishe kazi. Akasema haya, nakuachia wewe.

Umeme ulikatika Mugumu tangu asubuhi ya siku ya kusafiri. Betri ya kweli ilikuwa imejaa. Zile waongo mbili zilikuwa zinasema kitu cha kati. Nilijipa moyo kwamba jambo lenyewe ni la dakika chache: mzee atapewa togwa, ataitema, atasema, basi. Nilisahau watu wangu mwenyewe. Sisi hatusemi jambo la dakika chache bila kulitengenezea njia ya saa mbili.

Wazee walikusanyika sebuleni kwa baba mara tulipofika, kwa sababu upepo wa nje ulikuwa unamkohoza. Nyumba ya bati isiyo na dari, adhuhuri, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mgonjwa. Joto lile lilikuwa la kuchemsha mayai. Wazee wa rika lake waliokuwa bado hai walikaa kwa kuzunguka, wengine wamevaa makoti yao hivyo hivyo. Baba aliegemezwa kwenye kiti kwa mito. Mama na wanawake walikuwa jikoni, nyumba nyingine, maana jambo lile ni la wanaume wa rika. Mlangoni alisimama binamu yangu, na alikuwa ameshainua simu yake kurekodi.

Nilimwamkia kila mmoja shikamoo, nikafunga kamera kwenye stendi yake, nikasimama katikati kama mwenye shughuli. Nikawaambia naomba simu zote zizimwe ziwekwe mfukoni, zisije zikalia katikati ya maneno, na mikono isije ikaingia kwenye picha. Kazi hii niachieni mimi. Binamu yangu alitaka kubaki na yake. Nilimkazia macho mpaka akaishusha. Nikawasha kamera, kitaa chekundu kikawaka, na nakiri kwamba nilijisikia mtu.

Wazee wakaanza. Wakasalimiana upya. Mmoja akaeleza shamba lilipotoka, nani alilifyeka, nani alizaa nani. Mwingine akaeleza siku ya laana yenyewe, nani alikaa wapi. Wakatofautiana kidogo kuhusu hilo, wakapatana. Mimi nilirekodi yote. Kwa nini nisizime na kungoja? Kwa mazoea. Jicho kwenye kitundu, kidole tayari. Na niliogopa nikizima, baba ataanza ghafla, nayo inachelewa kuamka. Betri ya kweli ikaisha mzee wa pili akiwa bado kwa babu wa babu. Nikaweka ya pili, ikasema sitini, ikafa. Nikaweka ya tatu. Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka kwenye vidole, na kamera yenyewe ilikuwa ya moto ukiigusa chini.

Ndipo mzee aliyekuwa rafiki mkubwa wa baba akamkabidhi kibuyu cha togwa ya ulezi.  Baba akakishika kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akaliweka mdomoni.

Kwenye skrini ikatokea alama ya kipimajoto, inamulika.

Nikasema, "Subiri kidogo, tata."

Mimi huyo, mtoto wa mwisho, nikamwambia baba yangu asubiri, na togwa imo kinywani. Halafu giza. Kamera ikazimika kabisa. Nikapiga magoti kwenye begi langu. Sikujua hata kama ni betri au ni joto, kwa hiyo nikafanya yote mawili kwa pamoja: nafungua kifuniko, natoa betri, naipepea kamera kwa kofia, narudisha ile ya pili kwa sababu zikipumzika huwa zinatoa dakika moja mbili. Kifuniko kikakataa kufunga. Nikakisukuma kwa kidole gumba. Na huku juu yangu nikasikia baba ametema, na sauti yake imeanza.

Nilisikia sauti. Nataka nieleweke vizuri hapa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na nilisikia sauti yake, ya chini, ya Kikurya cha zamani, inapanda kidogo na kushuka. Lakini maneno sikuyasikia, kama mtu anavyosikia redio ya jirani na akili yake iko kwenye mambo yake. Akili yangu ilikuwa kwenye kifuniko. Nilipoinua kichwa wazee walikuwa wanaitikia kwa pamoja na baba anajifuta kidevu na kiganja. Kamera ikawaka. Ikarekodi sekunde chache za baba akijifuta, ikazima tena.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Harusini huwa tunarudisha. Tunamwambia bibi harusi, hebu kata keki tena, mlishe bwana tena, na wanafanya huku wanacheka. Mdomo wangu umezoea. Nikasema tata, naomba urudie kidogo tu, kwa ajili ya video.

 Rafiki yake baba aligeuka akanitazama kwa muda, si kwa ukali, afadhali ingekuwa kwa ukali.

"Mura," alisema, ndivyo tunavyomwita kijana kwetu, "neno hili halina mara ya pili."

Baba naye alinitazama. Alikuwa amechoka, midomo imekauka. Sijui alikuwa ananihurumia au alikuwa ametahayari kwa ajili yangu. Wakamwinua wakampeleka kulala, na watu wakatoka kwenda kula nyama ya ng'ombe dume ambaye kaka alimtuma mtu amnunue kwa ajili ya siku hiyo. Mimi sikula. Nilikaa na kamera mapajani, ikawa inapoa taratibu, na ilipopoa ikawaka vizuri kabisa, bila shida yoyote. Nilitaka kuipiga chini.

Nilijifariji kwamba asubuhi nitaingia kwa baba peke yangu, nimwombe anisimulie tu, si kwa togwa wala wazee, anisimulie mtoto wake alichokisema. Kulipopambazuka mama alinijia na kanga begani, akasema njoo umwone baba yako. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Macho yalikuwa wazi na sauti haipo.

Kaka alifika mchana huo. Wazee walimpokea, wakamwingiza uwanjani kwa heshima, kila kitu kwa utaratibu wake. Akaingia akapiga magoti kando ya kitanda na kumwita. Baba alielekeza macho upande wake, lakini macho yale yalikuwa yanaelekea pia kwenye ukuta, na kwenye taa, na hatukujua kama anamwona. Kaka alikaa pale siku tano, anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta. Siku ya sita baba akatutoka.

Katikati ya siku hizo kaka aliniomba ile video. Nilimwambia ukweli nusu, kwamba kamera ilipata joto ikakata kidogo pale mwisho. Nikamtumia kwenye simu yake. Nilimwona mara nyingi nyuma ya zizi, amejiinamia, simu iko sikioni. Alikuwa anasikiliza, haangalii. Wazee wakibishana, shamba, babu wa babu, kimya, kisha sauti yangu inasema subiri kidogo, tata. Halafu basi.

Aliwaendea wazee mmoja mmoja. Kila mmoja alimwambia kitu kimoja: tumeshuhudia, limekwisha, wewe ni mtoto wa nyumba hii. Alipowauliza baba alisema vipi, walitikisa kichwa. Maneno ya namna ile hayarudiwi na kinywa kingine, wala mzee hakukosea kuniambia hivyo. Binamu yangu alisema pale mlangoni hakusikia vizuri, na aliponijibu mimi swali hilo hilo alitazama mfuko wenye simu yake, akaondoka. Nilistahili.

Kwa hiyo nikajua swali litakuja kwangu, na nikajiandaa. Usiniulize kama niliona aibu, niliona. Nilitunga maneno. Nilimfahamu baba, nilijua anavyosema, ningeweza kumtengenezea kaka sentensi mbili tatu ambazo hata wazee wasingezikana. Katika hizo niliweka neno "mwanangu". Nilizirudia kichwani siku zote za msiba, nikichota maji, nikibeba kuni, hata jeneza liliposhushwa nilikuwa bado nazipanga.

Watu walipokwisha kutawanyika tulibaki mimi na kaka tunapanga viti vya kukodi ili virudishwe. Yeye alikuwa anaondoka kesho yake.  Kisha akaniuliza bila kunitazama, kiti kikiwa mkononi.

"Aliniita mwanangu, au alisema yule?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alipogeuka nikauona uso wake, umekonda, macho mekundu, na unafanana na wa baba alipoinua kibuyu, nikaogopa. Niliogopa kumwekea baba maneno kinywani siku ileile tuliyomfukia. Nikasema sikusikia. Nikamwambia nilikuwa nimeinama kwenye begi, nahangaika na betri, nilisikia sauti tu.

Kaka alikiweka kile kiti juu ya vingine. Akakisukuma kikae sawa. 

"Si ungenidanganya tu, mdogo wangu," akasema.